Marashi ya maua: saa ya kwanza, saa ya nne, na usiku mtoto akilala shingoni

SEHEMU YA 1

 

Wiki iliyopita dada mmoja mwenye mtoto wa wiki tano aliniandikia. Mumewe alimletea zawadi ya uzazi, chupa ya marashi ya maua. Mume aliyanusa dukani kwenye mkono wa muuzaji, yakanukia asumini tupu, kama ua limechumwa sasa hivi. Mke akajipulizia nyumbani. Dakika za mwanzo akasikia ganda la chungwa. Baada ya nusu saa, asumini kweli. Jioni asumini hayupo, kumebaki harufu ya mbao na vanila. Akaniuliza maswali mawili. La kwanza: "Nesi, mume wangu kaibiwa?" La pili ndilo lililomliza: mama mkwe kasema marashi hayo ndiyo yanamfanya mtoto akatae titi, na sasa hakuna anayeongea vizuri na mwenzake humo ndani.

Nilimjibu kwa kifupi kwamba mumewe hajaibiwa, na kwamba kwenye hilo la pili mama mkwe ana hoja kidogo, si yote. Halafu nikaona jibu fupi halitoshi, maana chupa ile ina historia ndefu na sehemu ya historia hiyo ni yetu wenyewe. Kwa hiyo nitaandika kwa vipande, msome mkipata nafasi mtoto akilala.

Kwanza tuelewe kinachotokea kwenye ngozi. Chupa ya marashi haina kitu kimoja ndani. Ina vitu makumi, pengine zaidi, vilivyoyeyushwa kwenye spiriti. Ukijipulizia ni kama daladala imetoka stendi imejaa. Spiriti inashuka mlangoni kabla gari halijaondoka. Limau, chungwa na jamaa zao wanashuka vituo vya mwanzo, ndani ya nusu saa hivi. Maua yanakaa saa kadhaa. Wanaofika mwisho wa ruti ni wazito: sandali, vanila, miski, utomvu wa miti. Hao unaamka nao asubuhi, na wameshahamia kwenye foronya.

Joto la ngozi ndilo linalowashusha. Ndiyo maana marashi yaleyale kwenye kanga yanakaa muda mrefu kuliko shingoni. Ngozi kavu huyapoteza upesi, ngozi iliyopakwa mafuta huyashikilia. Jasho nalo lina mambo yake, na sabuni uliyoogea pia. Watu wanapenda kusema marashi yanageuka kwa sababu ya "damu" ya mtu au "kemia ya mwili". Kwa maoni yangu hilo linatiwa chumvi mno. Joto, mafuta, jasho na vitu ulivyokwisha kujipaka vinaeleza mengi bila kumsingizia mtu damu.

Sasa, kabla hatujaenda Ulaya, tukae pwani kidogo.

Bibi zetu wa Tanga, Mombasa, Lamu na Unguja walilijua jambo hili bila maabara. Ua ni tamu lakini halikai. Kikuba cha asumini, rehani na mkadi kinavaliwa usiku mmoja, asubuhi kimenyauka kimekuwa kahawia, kinatupwa. Kwa hiyo hawakulitegemea ua peke yake. Chini yake waliweka kitu kizito. Liwa iliyosuguliwa kwenye jiwe la msio ikapakwa mwilini. Nguo zikatandazwa juu ya chetezo zikashika moshi wa udi. Kwa mwenye uwezo kulikuwa na ambari, na zabadi, ile inayotoka kwa fungo. Mafuta ya nazi yalitiwa langilangi, maana mafuta hulishika ua na kuliachia polepole. Ukiangalia vizuri, bi harusi aliyesuguliwa singo, akapakwa liwa, akafukizwa udi, halafu akavalishwa kikuba juu, amebeba daladala nzima: wa kushuka mapema na wa kufika mwisho.

Na ambari haikuwa ya kununua ng'ambo. Al-Masudi, msafiri na mwanahistoria wa Baghdad wa karne ya 10, aliandika kwamba ambari nzuri kuliko zote ilitoka bahari ya Zanj, yaani huku kwetu. Inatoka tumboni mwa nyangumi, inaelea, inatupwa ufukweni. Ikiwa mbichi inanuka vibaya, ikikaa baharini na juani inakuwa tamu. Watu wa Baghdad na kwingineko waliilipia fedha nyingi kwa kazi moja: kuwafanya maua wasiondoke haraka.


SEHEMU YA 2

Mmeniuliza sana kuhusu zabadi. Ndiyo, inatoka kwenye tezi karibu na mkia wa fungo. Ndiyo, inanuka. Tulieni, leo kuna linalonuka zaidi.

Baghdad hiyohiyo, karne moja kabla ya al-Masudi, mwanafalsafa al-Kindi aliandika kitabu kizima cha kutengeneza manukato na kukeneka, yaani kuchemsha maua na maji, kukusanya mvuke, na kuupoza uwe maji yenye harufu. Kina mapishi zaidi ya 100. Njia hiyo ndiyo iliyotupa marashi ya halwaridi, yale yanayonyunyizwa kwa mrashi kwenye maulidi na harusi. Waridi anavumilia kuchemshwa.

Asumini havumilii. Ukimchemsha anaharibika, unapata harufu ya mboga. Mafundi wa mji wa Grasse, kusini mwa Ufaransa, walimpata kwa njia ambayo bibi yangu angeielewa mara moja: mafuta. Walipaka shahamu kwenye vioo, wakalaza maua juu yake, kesho yake wakayaondoa wakaweka mapya, wakarudia kwa wiki nyingi mpaka shahamu ikajaa harufu. Kisha wakaiosha kwa spiriti. Kazi ya mikono, na wachumaji walikuwa shambani alfajiri kwa sababu jua likipanda asumini anapoteza.

Na hili ndilo linalonuka zaidi. Ndani ya asumini halisi kuna kitu kinaitwa indoli. Hichohicho kimo kwenye kinyesi, mama, ndani ya nepi unayobadilisha saa nane usiku. Kikiwa kidogo ndani ya harufu nyingine tamu, kinalipa ua uzito na uhai. Kikizidi, unajua. Sasa fikiria ua lililonyauka, au marashi ya asumini halisi saa ya tatu mwilini, vile vyepesi vimeshaondoka na indoli bado ipo. Ndiyo maana kuna watu wanasema asumini "imechacha" shingoni. Haijachacha. Umebaki na nusu yake ya usiku.

Langilangi ndiye ninayempenda kumweleza, kwa sababu mtambo wake unaonyesha ngozi inavyofanya. Mti huu asili yake ni Asia ya kusini mashariki. Mafuta yake yalianza kupata jina Manila katika karne ya 19, baadaye kilimo kikahamia Réunion, halafu Nosy Be huko Madagaska na visiwa vya Komoro, majirani zetu kabisa. Mpaka leo Komoro ni miongoni mwa wazalishaji wakubwa duniani. Maua yanachumwa asubuhi na mapema, wengi wa wachumaji wakiwa wanawake, yanatiwa kwenye mtungi wa kukenekea, na moto unawaka saa nyingi, hata kukaribia 20. Lakini hawayachanganyi mafuta yote pamoja. Yale ya saa za mwanzo, mepesi, matamu, ya ua hasa, yanawekwa pembeni na ndiyo ya bei ghali. Yanafuata ya daraja la kwanza, la pili, na mwisho la tatu, mazito, yenye harufu ya mbao na utomvu, ambayo mara nyingi huishia kwenye sabuni. Ua lilelile, moto uleule! Tofauti ni nani katoka mapema na nani kachelewa. Ngozi yako inafanya kazi ya mtungi ule, ila kwa moto mdogo.

Mwaka 1921 Ernest Beaux, mtengeneza manukato aliyezaliwa Moscow, alimtengenezea Coco Chanel wa Paris marashi yaliyoitwa No. 5. Ndani kulikuwa na asumini wa Grasse, waridi, na langilangi. Chini kulikuwa na sandali na vanila. Juu aliweka aldehaidi, kemikali za maabara zinazotoa harufu kali, safi, kama shuka lililopigwa pasi. Hakuwa wa kwanza kuzitumia, lakini aliziweka kwa wingi ambao watu hawakuuzoea. Marashi mengi ya maua yanayouzwa Kariakoo na Darajani, ya kweli na ya kuiga, yanafuata mpango huo: mwanga juu, maua katikati, utamu mzito chini.

Aliyeupima mpango huo kwa subira alikuwa Mwingereza, William Poucher, mkemia ambaye pia alijulikana sana kwa kupiga picha za milima. Alichukua mamia ya malighafi za manukato akapima kila moja inachukua muda gani kupotea kwenye karatasi, kisha akazipa namba kutoka 1 hadi 100. Kuanzia 1 mpaka 14 ni harufu za juu, 15 mpaka 60 za kati, 61 mpaka 100 za chini. Sandali ilipata 100. Bibi yangu na liwa yake angesema, si nilikwambia.

Kwa hiyo yule baba hajaibiwa. Dukani alinusa mkono wa muuzaji aliyejipulizia muda fulani kabla, akakutana na asumini yupo katikati ya safari. Feki za kweli nyingi zinajulikana kwa kinyume chake: zinaanza kali, halafu hazina katikati, zimekwisha.


SEHEMU YA 3

Hii ndiyo sehemu iliyonifanya niandike. Kaeni.

Historia yote niliyowapa ni ya watu wanaotafuta kitu kimoja: kinachobaki. Ambari ni adimu, miski ya paa wa milima ya Asia inadai mnyama auawe, zabadi ni mateso kwa fungo. Mwaka 1888 mkemia Albert Baur alikuwa anashughulika na baruti, anataka kuboresha kemikali za familia ya TNT. Kimoja cha vitu alivyopata kilinukia miski. Kikauzwa kwa jina la miski ya Baur, na wenzake wakafuata: miski xaileni, miski ketoni, miski ambreti. Rahisi, tamu, inang'ang'ania. Kwa karibu miaka 100 iliingia kwenye marashi, sabuni na unga wa kufulia, na kila mtu akanukia vizuri.

Kisha mwanzoni mwa miaka ya 1990 watafiti wa Ujerumani walipima maziwa ya akina mama wakakuta miski hizo ndani yake. Unaona jinsi ilivyo? Kitu kilichotengenezwa kisiondoke kwenye ngozi hakikuondoka. Kilipenya, kikakaa kwenye mafuta ya mwili, kikatoka na maziwa. Kiasi kilikuwa kidogo sana, na sikuelezi hili uogope kunyonyesha. Nyonyesha. Maziwa yako bado ndiyo chakula bora cha mtoto mchanga, na hakuna aliyesema vinginevyo kwa sababu ya matokeo yale. Ila tangu hapo Ulaya ilianza kubana. Miski ambreti ilipigwa marufuku kwenye vipodozi kwa sababu ilidhuru neva za wanyama wa majaribio na kuunguza ngozi ikipigwa na jua. Miski xaileni ikafuata baadaye. Miski za leo ni za aina nyingine.

Kuna kisa kingine cha zamani ambacho nakiona mpaka leo kwa macho yangu kliniki. Mwaka 1916 daktari Mjerumani, Freund, alieleza wagonjwa waliopata mabaka meusi baada ya kujipaka maji ya kolonya na kukaa juani. Mwaka 1925 mwenzake Rosenthal aliona mabaka yanateremka shingoni kama kidani, akayapa jina kutokana na neno la Kifaransa la kidani. Mkosaji alikuwa mafuta ya bergamoti, tunda la jamii ya chungwa linalolimwa kusini mwa Italia, lile linaloipa kolonya ule mwanga wa mwanzo. Harufu yake inaondoka dakika chache, lakini kuna kitu ndani yake kisicho na haraka, na jua likikipiga, ngozi inaungua na kubaki na alama miezi kadhaa. Baada ya chama cha kimataifa cha watengenezaji, IFRA, kuanzishwa mwaka 1973, viliwekwa viwango, na kampuni nyingi hutumia bergamoti iliyoondolewa kitu hicho.

Zile za kujazwa kichochoroni hazisomi viwango. Na ndimu pia inafanya vilevile, jamani. Ukijipaka ndimu usoni "kung'arisha" kisha ukaenda sokoni saa sita, usimlaumu jirani.

Tangu mwaka 2003 sheria ya Ulaya ilitaka vitu 26 vya harufu vinavyojulikana kuleta mzio viandikwe kwenye lebo, na mwaka 2023 orodha ikaongezwa sana. Mwezi Machi 2022 kimoja kilichokuwa kikitoa harufu ya yungiyungi, jina lake lilial, kilipigwa marufuku kabisa kwa kuhofiwa kudhuru uzazi. Ukiwa na chupa ya zamani kabatini, soma nyuma yake, utafute "Butylphenyl Methylpropional". Ukiiona, iache.


SEHEMU YA 4

Haya, mama mkwe.

Mwaka 1975 mtafiti Aidan Macfarlane wa Oxford alichukua vitambaa ambavyo mama hukinga maziwa ndani ya sidiria. Akakiweka cha mama wa mtoto upande mmoja wa kichwa cha mtoto na cha mama mwingine upande wa pili. Watoto wa siku 2 hawakuonyesha tofauti. Walipofika siku 6 waligeukia zaidi kwa mama zao. Mwaka 1994 watafiti waliosha titi moja la mama mara tu baada ya kujifungua, jingine wakaliacha lilivyo, wakamweka mtoto katikati ya kifua. Kati ya watoto 30, 22 walichagua titi lisilooshwa.

Kwa hiyo mtoto anakuja na ramani, na ramani yenyewe ni harufu. Ukijipulizia kifuani, unaandika juu ya ramani. Tena kumbuka daladala: mtoto hanyonyi ile dakika ya kwanza unapopendeza. Ananyonya saa ya nne, saa ya nane, usiku, pua yake iko kwenye kituo cha mwisho, penye vanila na miski. Wewe huisikii tena kwa sababu pua huzoea harufu ndani ya muda mfupi na kuacha kukuarifu, kwa hiyo unaongeza. Yeye yuko sentimita mbili kutoka hapo.

Lakini nilisema mama mkwe ana hoja, si yote. Mtoto anakataa titi kwa sababu nyingi: amekaa vibaya, pua imeziba, ana utando mweupe mdomoni, titi limejaa limekuwa gumu. Na mtoto mchanga asiyenyonya kabisa, aliyelegea, mwenye homa au mwili wa baridi, huyo si wa kujadili marashi. Mpeleke kituoni saa hiyohiyo, hata ikiwa usiku.

Yule dada nilimwomba aje na mtoto. Alikuja na mama mkwe, wamekaa kwenye benchi viti viwili mbali. Nikamtazama akinyonyesha. Mtoto alikuwa ameshika chuchu tu badala ya kushika na weusi wake, kwa hiyo hapo tulirekebisha. Pia alikuwa amejipulizia shingoni na kifuani asubuhi ile, kwa sababu, alivyosema, alikuwa anakuja hospitali na hakutaka kunuka maziwa. Nilinyamaza kidogo. Ni wangapi tunaambiwa tunanuka maziwa? Nikamwomba aoshe kifua kwa maji matupu, akamweka mtoto ngozi kwa ngozi, khanga juu yao, tukawaacha. Ilichukua karibu nusu saa. Mtoto akashika. Siwezi kukuambia ni mkao au ni maji, nilibadilisha vyote viwili kwa pamoja, na sikuwa nafanya utafiti.

Mama mkwe ndiye aliyeanza kuongea. Akasema zamani, mama akiwa ndani ya arobaini, kwao walifukiza nguo za juu tu, tena nje, uani, na mwili wa mzazi walikuwa wanaukanda kwa maji ya moto na kuuacha. Udi chumbani kwa kichanga hawakukubali. Nikamwambia hapo yuko sawa mia kwa mia, moshi na mapafu ya mtoto haviendani.

Mkwe wake akauliza, sasa chupa niitupe?

La. Nilimwambia apulizie pindo la baibui au ncha ya mtandio anaotoka nao, kitu anachovua akirudi. Kwenye kitambaa asumini atakaa muda mrefu kuliko shingoni, kwa hiyo atapata kile kile ambacho mumewe alinusa dukani. Mtoto mwenyewe asipakwe chochote chenye harufu, wala marashi, wala poda, wala mafuta ya "bebi" yanayonukia mtaa mzima. Ngozi yake ni nyembamba, na ukilinganisha na uzito wake ni nyingi kuliko ya mtu mzima, kwa hiyo kinachoingia kwake kinaingia kwa wingi.

Jana ameniandikia tena. Mtoto ameongezeka gramu 210 kwa wiki. Mama mkwe amemwomba ampulizie kidogo kwenye mtandio, anakwenda arusini Ijumaa.